Birika la Mama huko Anuradhapura

Rambukkana,
Sri Lanka.
19 Juni, 2003.

Mpendwa mdogo wangu Upul,

Salamu zangu zikufikie popote ulipo, zikukute mzima wa afya. Hali yako? Kile kifua chako cha kila msimu wa mvua kikoje? Unakula nini huko, na nani anakufulia? Ukiona maswali yamekuwa mengi, jilaumu mwenyewe. Ni ya miaka minne, yamelundikana.

Sisi hatujambo. Mume wangu Jayasena bado yuko pale stesheni ya reli. Binti yetu Nirosha ameng'oka meno ya mbele na hataki kucheka mbele za watu. Mama magoti yanamsumbua, lakini ulimi ni mzima kabisa, kuku wenyewe wanamwogopa.

Anwani hii nimepewa na jirani yetu Somawathi. Mwanawe aliyeko Catania, huko huko Italia, alimwambia kuna nyumba moja wanakolala watu wa kwetu, na kwamba zamani uliwahi kulala hapo. Zamani ya lini, hakujua. Wewe mara ya mwisho ulipiga simu ukasema unakwenda kuvuna nyanya, na kwamba ukifika utapiga tena. Mpaka leo hujafika, Upul.

Sasa nikupe habari za sikukuu ya Poson. Mwaka huu tulikwenda kuhiji Anuradhapura, basi zima watu wa kijijini, tumevaa nyeupe tupu kama yangeyange shambani. Kiongozi ni Mjomba Gunapala, nani tena? Amekaa mbele karibu na dereva, anatuimbisha beti za ziara, na mtu akisema "nimechoka" anakaripiwa mpaka aombe radhi. Tuliposhuka tu, nyani akamnyang'anya Mjomba mayungiyungi yake ya sadaka mkononi, akapanda nayo ukutani akaanza kuyatafuna. Jamani, tulicheka! Mama ndiye aliyecheka kuliko wote. Nakwambia hili ili ujue kwamba bado anacheka.

Lakini Mama hakwenda kwa ajili ya maua tu. Tangu mwaka mpya Mjomba alikuwa hampi nafasi ya kupumua. Alisema mtu aliyenyamaza miaka minne ni marehemu, na marehemu asiyetolewa thawabu huzurura na njaa na kiu yake, hana wa kumpa hata tone. Basi amiminiwe maji yake mbele ya watawa, apumzike. Nilitaka kumchukia, nikashindwa, maana aliyasema hayo huku analia. Ni yeye aliyekufundisha kuendesha baiskeli.

Na Mama naye, hebu fikiria. Akimimina, na wewe u hai, amekuzika kwa mkono wake. Asipomimina, na wewe umekufa, amemnyima maji mwana wa tumbo lake. Alikonda kwa jambo hilo. Siku moja akaniuliza, "Kusuma, wewe ungefanyaje?" Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nikamwambia nina nguo za kuanua, nikatoka nje.

Mwishowe alikubali. Siku ile ya Poson, watawa walipomaliza kula, tulikaa kwenye mikeka, likaletwa birika la maji na kikombe ndani ya sahani. Mtawa mkubwa akauliza majina ya marehemu. Mjomba akamtaja Baba, akamtaja Bibi, kisha akakutaja wewe. Sijawahi kusikia jina lako likitamkwa vile.

Watawa wakaanza kusoma. Nami nilikuwa nimelishika birika pamoja na Mama, kama ilivyo desturi. Hakuliinamisha, na kikombe kikabaki kikavu.

"Dada, mimina," Mjomba akanong'ona. "Watawa wanangoja."

Mama hakunong'ona. "Gunapala, baba yao nitammiminia. Mama yetu nitammiminia. Hao niliwafumba macho mimi mwenyewe. Huyu nani kamfumba macho? Niletee mtu huyo hapa aniambie."

Akawamiminia hao wawili mpaka kikombe kikafurika. Halafu, na magoti yale! akainuka na birika lake. Akaupita mchanga unaochoma nyayo, hakushika bega la mtu, akaelekea kwenye Mti mtakatifu wa Buda.

"Dada! Dada we, maji ya huko ni ya kuwaombea walio hai!"

"Ala! Kwani nimekuuliza njia?"

Akayamwaga yote kwenye mizizi ya ule mti mdogo, mtoto wa Mti mkubwa, ulio kando ya ukuta, akakutaja kwa jina lako na ubini wako kwa sauti kubwa, kama anavyotajwa mtu aliye safarini. Mahujaji wa vijiji vingine wakageuka. Mjomba alikaa pale pale mchangani, akafunika uso. Mtawa mkubwa aliuliza tu kama kuna majina mengine.

Nikwambie ukweli, nilimkasirikia Mama. Niliona amejitwisha mzigo mzito kuliko ule wa kwanza. Sasa amekutangaza u hai mbele ya kijiji, na kila asubuhi yuko barazani anamngoja tarishi. Tarishi akipita bila kusimama, Mama anasema Italia ni mbali, kisha anaingia jikoni na kuyagombanisha masufuria.

Kama ni haya inayokufunga mdomo, haya ya nini? Nani alikuagiza jumba? Rudi mikono mitupu. Rudi mgonjwa, tutakuuguza. Rudi na mke wa huko asiyejua pilipili, tutampikia fenesi lake kando. Ila sema neno, Upul. Nimekukosa mpaka nimechoka, na Mjomba hayupo hapa kunikaripia.

Jayasena anakusalimu. Nirosha anamsalimu mjomba wake wa kwenye picha. Somawathi naye anakusalimu. Mjomba Gunapala aliniambia nimwandike hapa miongoni mwa wanaokusalimu, akaondoka kabla sijamtazama usoni. Mama hajui kwamba ninaandika.

Buda, mafundisho yake na watawa wake wakulinde uingiapo na utokapo, na usilale na njaa.

Dada yako akupendaye hata ukinyamaza,
Kusumalatha.

Kwako wewe utakayeifungua barua hii, kama si Upul: Mama yetu hupokea barua mwenyewe, na jina lake anajua kulisoma. Ndugu yangu akiwapo, mwambie juu ya bahasha aandike jina hilo la Mama, Dingiri Menike. Kama hayupo tena duniani, tafadhali usiandike jina hilo. Andika langu, uitume stesheni ya reli ya Rambukkana, kwa Jayasena. Nitammiminia maji yake mimi mwenyewe, na Mama aendelee kungoja.