Michikichi ya Mama Marthe haigawanywi

Mama Félicité uheshimiwaye,

Kwa heshima kubwa, na nikitambua kwamba wasomaji wa ukurasa wako wana mizigo mizito kuliko wangu, nakuletea shauri lililoninyima utulivu tangu kikao chetu cha mwisho. Mimi ni kijana mwenye shahada ya graduat ya usimamizi niliyoipata Bukavu kabla njia hazijafungwa, na sasa ni katibu wa mfuko wa uzeeni katika kiwanda cha sabuni hapa Baraka, ambamo sehemu ya mshahara wa kila mfanyakazi hukatwa, kiwanda huongeza sehemu iliyo sawa nayo, na fedha hizo, kwa kuwa noti zetu huoza upesi kuliko nyanya, hutumiwa kununua miche ya michikichi karibu na mto Mutambala, kila mmoja na yake, yenye alama yake ya rangi, ili mikono itakapochoka kukoroga sabuni aishi kwa mawese ya miti aliyoipanda akiwa na nguvu.

Watu hutucheka, husema ni wazimu kuweka akiba ya uzee mahali ambapo mtu hajui kama atafika Jumapili, nami huwajibu kwamba naiweka kwa sababu hiyohiyo: sijampa mwenye bunduki yeyote ruhusa ya kuamua kwamba mimi sitazeeka.

Sasa, Mama, yuko mkorogaji wetu wa kwanza, Marthe, aliyebakiza mwaka mmoja tu apumzike, ambaye alipoteza ndugu zake katika mauaji ya Makobola, na kwa hiyo aliposikia risasi mwezi wa tatu hakusubiri, alibeba wajukuu akavuka ziwa hadi kambi ya Lugufu kule Tanzania. Na kwa kuwa kanuni inasema asiyeonekana kazini miezi mitatu bila ruhusa hupoteza miti yake, wenzangu wanataka igawanywe, hasa kwa kuwa inazaa vizuri. Nilisimama kikaoni nikaeleza kwamba kanuni hiyo iliandikwa wakati wa amani kwa ajili ya watoro, wala si kwa bibi anayeokoa wajukuu, lakini Bertin, anayekoroga pipa la jirani, alinikata.

«We Placide, acha kizungu! Ule mama iko anakula mahindi ya bure kule Lugufu, sisi tuko tunakufa na njaa hapa. Miti iko inazaa, tugawane!»

«Na we Papa Bertin, ukikimbia kesho, nani atakula yako?»

«Mi nikimbie? Na hii tumbo?»

Kikao kizima kikacheka, na mikono ikanyooshwa upande wake. Baadaye mkurugenzi, Bwana Henri, aliniita bureau akafunga mlango: «Mutoto yangu, weka signature tu. Ile nafasi ya chef du personnel, mukubwa wa wafanyakazi, inangoja muntu mwenye akili. Fin du mois, mwezi ikiisha, nataka karatasi hapa kwa meza.» Saini ya katibu ndiyo pekee inayokosekana kwenye karatasi ya kugawa miti; nisipoitia, nafasi itapewa mwingine, na pengine kazi pia, na mama yangu mzazi analia akiniuliza, «Placide, Marthe ndiye alikuzala?» Nimemjibu kwamba sitatia saini, na sitaitia. Lakini nimesoma kwa taabu, natamani kupanda cheo, na sina aibu kulisema, hivyo naomba uniambie waziwazi: je, najiharibia maisha kwa miti ya mtu ambaye huenda asirudi kamwe?

Placide, Baraka

*

Placide,

Usitie saini. Hilo limekwisha, tusilizungushe.

Sasa kaa nikugombeze. Barua yako ina kanuni, kikao, saini na cheo. Nimeisoma mara mbili nikitafuta jambo moja sikulipata: mikungu ya Marthe, nani anaivuna? Miezi yote hii chikichi zinaiva, zinadondoka, panya wanashiba, na wewe unamtetea mwenye miti kwa hotuba! Ndiyo maana Bertin alikushinda. Mwenye njaa akiona chakula kinaozea chini, ananyoosha mkono, nami simshangai.

Nani hapa kwetu hajakimbia? Mimi nimevuka ziwa hilo mara mbili na sufuria kichwani, nikarudi, na nyumba yangu ikaendelea kuitwa yangu. Mkigawana miti ya aliyekimbia, mfuko wenu utakuwa wa watu wasioogopa kufa, na hao hawahitaji akiba ya uzee. Huyo mkurugenzi naye anakununua kwa bei ya chini. Ukipata cheo kwa kula miti ya mfanyakazi, hao wafanyakazi utawatazamaje usoni?

Fanya hivi, mwezi usiishe. Nenda Mutambala na Bertin, naam, huyohuyo mwenye tumbo. Vuneni miti ya Marthe, mkamue, na Bertin apewe sehemu yake ya mawese kama mvunaji yeyote, mbele za watu, ili apeleke chakula nyumbani bila kuiba. Yanayobaki yajaze bidon za plastiki, zifungwe mbele ya wazee wa kanisa la Marthe, zikabidhiwe mwenye boti la Kigoma mnayemwamini, na kule zimfikie mkononi. Kisha omba kikao kingine. Huko usinukuu chochote. Waambie Marthe amekwisha kuanza kula uzee wake, Bertin shahidi, na uwaombe waandike kwamba aliyekimbizwa na vita si mtoro. Wengi watanyoosha mkono, maana kila mmoja ana mzigo wake umefungwa nyuma ya mlango.

Kuhusu cheo: wanaweza kukunyima. Itauma, na mama yako atalia tena; mfute machozi, usimfuate. Wewe umesema hujampa mtu ruhusa ya kukukataza kuzeeka. Basi usimkataze Marthe.

Weka kalamu chini, kijana, ukaazime panga la kukatia mikungu.

Mama Félicité