Baba Mdogo kwa Kiingereza

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Benki wametaka karatasi nyingine. Tena! Nilidhani nimemaliza. Nimewapa hati za mshahara, kibali cha ukaaji wa kudumu, bili ya umeme yenye jina la mwenye nyumba, na barua ya mwenye nyumba kwamba kweli mimi ni mpangaji wake wa chumba cha uani. Bado kipimo cha damu tu.

Sasa wanataka barua ya dipoziti. Nani kanipa, kwa nini, na ni nani wangu. Dipoziti kanipa baba mdogo Bakiri, mdogo wake marehemu baba, fundi makochi wa Fordsburg hapa Joburg, kwa sharti moja: nisiguse riba. Ndiyo maana nikaenda dirisha lisilo la riba, ambako benki inanunua nyumba pamoja nawe na wewe unainunua kwao kidogo kidogo. Riba hamna. Karatasi ndizo zimejaa!

Nyumba yenyewe naitaka. Niseme humu, maana kwingine najifanya sijali. Iko Crosby. Vyumba viwili, bati jekundu, dari ya chuma yenye maua, mlimau uani. Bi kizee wa Kireno anaiuza, anahamia kwa mwanawe. Mayasa wangu keshachagua chumba. Mtoto ana miaka kumi na miwili na hajawahi kulala kwenye chumba chenye mlango wake.

Emery, ajenti wa nyumba, Mkongo wa Lubumbashi, kanikumbusha mkataba una tarehe. Benki isipokubali mpaka Ijumaa ya tarehe 15, bi kizee yuko huru kumuuzia mwingine. Na mwingine yupo, na pesa yake iko mkononi. Eish.

Jumatano, 6 Agosti

Maji hakuna tangu jana. Mtaa wetu wote wa Mayfair na ndoo.

Barua nimeandika jioni, kwa Kiingereza safi, kile cha kliniki. (Miaka minane mapokezi kwa daktari wa meno, barua naziweza.) Nimesema fedha hii ni zawadi kutoka kwa baba yangu, Bakiri, hanidai wala hatanidai. Nimetuma. Mayasa kaniuliza kwa Kiingereza kama anaruhusiwa kupaka chumba chake rangi ya zambarau. Nimemjibu kwa Kiswahili aoshe vyombo. Maji yenyewe yako wapi!

Ijumaa, 8 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Kanipigia Charmaine, yule dada wa benki mwenye faili langu. Sauti ya upole, kama ya mtu anayekupa habari ya msiba. Akasema mfumo wao unaonyesha baba yangu alifariki mwaka 2016. Nikasema ndiyo, alifariki. Akasema lakini mwezi Juni amenipa dipoziti. Nikasema ndiyo.

Akarudia tarehe zote mbili.

Nimesahau kabisa! Baba alipofariki, bima ya mazishi iliyonilipa ilikuwa ya benki hiyohiyo. Ndiyo iliyonikatia tiketi ya kwenda Tanga kwenye hitma. Kwa hiyo kwao mimi nina baba mmoja, wamemlipia mazishi, na sasa amefufuka na kununua nyumba Crosby.

Nikajieleza. Ndipo nikaharibu zaidi. Nikamwambia huyu siye yule, huyu ni baba mdogo. Kwa Kiingereza ikatoka kwamba ni baba aliye mdogo. Akaniuliza, mdogo kiasi gani? Maana aliye chini ya miaka kumi na minane hawezi kutoa zawadi bila mlezi. Nikamwambia ana miaka sitini na sita. Akasema, basi si mdogo.

Ni kweli. Si mdogo. Nilitamani kucheka na kulia, nikashindwa vyote, maana mgonjwa alikuwa mbele yangu ameshika shavu.

Faili limepelekwa kwa wakaguzi. Kwao, ama nilidanganya bima na baba yu hai, ama fedha ni ya mtu nisiyetaka kumtaja. Charmaine anasema kosa ni dogo, nirekebishe barua tu, niandike uhusiano sahihi. Nikamwuliza, uhusiano upi? Akasema, si ni *uncle*?

Jumapili, 10 Agosti

Jana Siku ya Wanawake ya huku, nchi nzima imepumzika. Mwanamke mimi nimefua.

Leo nimemwambia Mayasa mkasa wote. Hakuona mkasa. Alishangaa tu: kwani si *uncle*, mama? Sema *uncle*, yaishe. Mtoto wa kuzaliwa Joburg, Kiingereza chake kimempunguzia ukoo. Nikampigia Emery, naye yaleyale: “Mama Mayasa, juu ya nini unajisumbua? Kwetu, kwa Kifaransa, tunaandika *oncle paternel*, *uncle* wa upande wa baba, basi, inaisha.” Kila mtu kwake inaisha.

Tukaenda Fordsburg kwa baba mdogo na barua mpya, atie sahihi tu. Tumekula wali wa mama mdogo Mwatumu, samaki wa nazi, vizuri kabisa. Nikasubiri anawe mikono. Nikamweleza. Akavaa miwani, akasoma polepole, akafika kwenye lile neno, akavua miwani.

“*Uncle* ndiyo nini?”

Nikasema, ni… kwa Kiingereza, baba, ndugu wa baba au ndugu wa mama, wote neno moja.

“Ndiyo mjomba! Nimekaa nchi hii miaka thelathini, sijui *uncle*? Mjomba wako ni Saidi! Saidi aliyekimbia na pesa ya pilau ya harusi yako! Cheo cha Saidi ndicho unaniletea mimi, nyumbani kwangu, nimeshiba?”

Mwatumu kakimbilia jikoni kucheka. Nami nilikaribia. Lakini yeye hakucheka. Akasema siku ile Tanga, kaburini, watu walimshika mkono mmoja mmoja wakamwambia, sasa baba ni wewe. Na harusini, marehemu kabaki Tanga, nani alikaa mahali pake akatoa idhini? Halafu sauti ikashuka: “Nikitia sahihi kwamba mimi si baba yako, nimekukana, Zabibu. Nimekukana mbele ya serikali.”

Nikasema si serikali, ni benki. Akasema ndiyo mbaya zaidi.

Tumerudi na barua bila sahihi. Kwenye teksi Mayasa kaniuliza kama babu amemkasirikia yeye.

Jumatatu, 11 Agosti

Hapokei simu. Nimepiga asubuhi, nimepiga mchana. Mzee mzima!

Jumanne, 12 Agosti

Mwatumu kapiga. Mzee hali chakula vizuri, anagongomea misumari kwenye makochi kama ana ugomvi nayo. Ametuma wazo: nimrudishie fedha, aitoe benki, aniletee kwenye mfuko wa plastiki. Hapo hapatakuwa na barua, na kila mtu atabaki na cheo chake. Nilimpelekea Charmaine wazo hilo kwa uangalifu mkubwa. Alisema, tafadhali Zabibu, usiwaambie wakaguzi hata siku moja.

Halafu Mwatumu kapiga tena, kaninong'oneza: si utie sahihi mwenyewe? Sahihi yake ni mkwaruzo tu, hata kuku anaiweza.

Mayasa alipolala nilishika kalamu. Nikaliangalia lile neno. Nikamwona mjomba Saidi akikimbia na pesa ya pilau. Nikamwona baba mdogo kwenye mkeka siku ya nikahi yangu, kanzu imepigwa pasi mpaka inang'aa, anamjibu shehe kwamba ameridhia. Ndoa yenyewe haikudumu. Idhini yake ninayo mpaka leo.

Nimeichana barua. Nimejichukia kidogo, halafu nikalala.

Jumatano, 13 Agosti

Sasa barua haitoshi! Wakaguzi wanataka hati ya kiapo. Aende mwenyewe kituo cha polisi, aape mbele ya askari kwamba fedha ni yake na mimi ni nani wake. Na iwafikie Ijumaa kabla benki haijafunga.

Emery naye ananiambia yule mwenye pesa taslimu amepita tena Crosby kupima ukuta. Kupima ukuta! Mlimau wangu!

Nimekasirika na baba mdogo. Naandika, basi, limeshaandikwa. Neno moja la wazungu ambalo yeye mwenyewe halitumii. Angelisema, angetoka nje, angelitema. Mimi natema maneno ya namna hiyo kila siku kazini. Nimemwandikia ujumbe: *Baba, nyumba itaondoka Ijumaa.* Umesomwa. Hakujibu.

Alhamisi, 14 Agosti

Saa nne asubuhi kaingia kliniki. Kanzu, kofia ya kiua, koti la baridi juu. Wagonjwa wote wakamgeukia. Nikasema shikamoo baba, akaitikia marahaba, akakaa katikati ya watu wa meno, mikono magotini. Daktari akatoka akamwuliza jino gani linamsumbua.

Nilipopata nafasi nikamfuata. Akaniuliza hiyo nyumba ina sehemu ya kuswalia? Nikasema ina sebule. Ina mti? Mlimau. Akaitikia kwa kichwa, polepole.

“Kesho twende kwa hao polisi,” akasema. “Lakini nikishaapa, mwanangu, uongo sitasema. Kiapo ni kiapo.”

Nikamwuliza, kwa hiyo utasema nini? Akainuka, akamuaga daktari kwa heshima zote, akaondoka.

Sijui kama amenisaidia au amenimaliza.

Ijumaa, 15 Agosti

Naandika kwenye benchi la kituo cha polisi. Mzee yuko kando yangu, kanzu ileile.

Foleni ilikuwa hadi mlangoni. Tulipofika kaunta, askari wa kike, mtu mzima, macho ya kuchoka, akajaza vizuri tu: jina, anwani, kazi. Akafika kwenye uhusiano. Akauliza kwa Kiingereza, wewe ni nani wake?

Baba mdogo akaiweka kofia yake sawa. Akaniangalia. Nikaangalia kaunta. Watu nyuma wakaanza kuguna.

Nikajikaza kwa Kizulu changu cha sokoni. Nikamwambia askari, vibaya vibaya, huyu ni mdogo wake baba. Baba aliyekufa.

“Hawu! *Ubabomncane!*” Akaweka kalamu chini. “Si ungesema tangu mwanzo!” Akaanza kunieleza, foleni yote ikisikia, kwamba babomncane wake ndiye aliyemlea, ndiye aliyekaa kupokea lobola yake, yaani mahari, na kwamba dipoziti ya bintiye angetoa nani kama si yeye?

“Kasemaje?” mzee akaniuliza. Yeye Kizulu chake ni cha bei na vitambaa tu.

“Kasema baba mdogo.”

“Kwa lugha yao?”

“Kwa lugha yao, baba. Ndivyo lilivyo, baba, halafu mdogo.”

Mzee alivua miwani akaifuta kwa kanzu, akaivaa, akaivua tena. Na mimi miaka yote hii nanunua mboga kwa hawa watu, sikuwahi kuwauliza wanamwitaje!

Kwenye nafasi ya uhusiano askari ameandika mwenyewe kwa herufi kubwa: BABOMNCANE. Mzee ameapa, mkono juu. Ametia sahihi, mkwaruzo wake. Muhuri, pa! Nimepiga picha nimetuma benki hapohapo.

Tumekaa tusubiri, askari katuruhusu. Swala ya Ijumaa imetupita, mzee ameswali adhuhuri kwenye kona karibu na bango la magari yaliyoibwa. Emery katuma ujumbe: bi kizee anasubiri mpaka benki ifunge, huyu mwingine yuko getini kwake, hajazima gari.

*

Charmaine kapiga. Nimeweka spika, masikio yangu siyaamini tena.

Anasema hati imefika, nzuri, muhuri unaonekana. Lakini hili neno halimo kwenye mfumo. Mfumo una orodha tu: baba, mama, kaka, dada, *uncle*, rafiki. Wakaguzi wanaondoka sasa hivi. Anaomba nimjibu ndiyo au hapana, achague, afunge faili: maana yake *uncle*, siyo?

Mdomo umefunguka, bado sijasema. Ndiyo. Neno dogo tu. Nyumba iko hapo kwenye ulimi. Chumba cha zambarau.

Baba mdogo kanyoosha mkono. Anataka simu.

Nimempa. Kwa nini nimempa? Amesimama, amevaa miwani kwanza, ndipo aongee. Askari ameegemea kaunta anasikiliza. Foleni nayo.

Anamwambia kwa Kiingereza chake cha makochi, taratibu, kama anampimia kitambaa: “Madam. Baba yake ni mimi. Yule aliyekufa, naye ni baba yake. Mlimlipia mazishi, asanteni. Sasa aliyebaki ni mimi. Andika.”

Charmaine hakati simu. Nasikia vidole vyake vinagonga kompyuta, vinasimama, vinagonga tena. Mzee hajarudisha simu. Ameishika kwa mikono miwili, na amenipa ishara nisogee nimpishe akae asubiri.