Nataka Duka la Mwanangu Liuze kwa Simu

Kigoma, tarehe 9 Februari 2023, miaka ishirini na sita na miezi mitatu tangu niondoke Baraka.

Mpendwa mshauri Suzanne,

Naomba unisaidie kabla sijamharibia mwanangu biashara, maana nimeshaanza. Mimi ni mwalimu mstaafu, nasoma sana, na katika kusoma nimejua kwamba maduka ya siku hizi yanauza kwa programu ya simu, mteja anaona bidhaa kwenye kioo, anabonyeza, analetewa, na tangu nijue hilo sijamwacha binti yangu Rosette apumue. Rosette alirudi Baraka, ng'ambo ya ziwa huko Kongo, kwa meli mwaka 2007, akafungua duka la vitenge katika nyumba niliyoiacha nilipokimbia vita, sebule ndiyo duka, na kila nisemalo hulipokea kwa heshima, ila hili la programu anavutavuta miguu, kwa sababu ana fedha ya jambo moja tu, ama vitenge vya Pasaka ama programu, na fundi, Fabien wa Uvira, anataka jibu kabla mwezi huu haujaisha.

Desemba nilimlazimisha ajaribu. Fabien alitengeneza programu ndogo ya majaribio, na Mama Pulchérie, kiongozi wa kwaya moja ya Swima, akaagiza vipande thelathini kwa kuangalia picha, sare ya Noeli. Ujue kwamba kwetu kwaya hainunui kitenge hivihivi. Wanakuja wote dukani, kila mmoja anakishika, na mkubwa wao analowanisha pembe kwa mate na kuisugua kwenye leso nyeupe aone kama rangi inatoka. Safari hii hakuna aliyesugua kitu, kwa kuwa mimi nilisema hayo ni mambo ya zamani. Siku ya tatu baada ya kuletewa, walikuja dukani na mzigo wote, na Rosette akaniweka hewani kwenye simu nisikie mwenyewe.

"Rosette, hii simu yako inasemaka bongo, inatudanganya! Kwenye kioo kitenge iko buluu, kwenye mwili iko rangi ya majani."

"Munisamehe, Mama Pulchérie. Picha ndiyo ilidanganya."

"Sasa siku ya Noeli tuvae picha?" Nilisikia kwaya nzima ikicheka, sauti zote nne. "Na huyu papa yako mwenye kutuchagulia manguo toka Kigoma, aje basi. Kwa soprano tunakosa muntu."

Nilisema kwamba programu yoyote mpya huwa na kasoro ndogondogo. Hawakunisikia.

Walipoondoka, Rosette aliniambia polepole, "Papa, bamama ba huku bananunua na mikono. Wale ba Lubondja hata réseau habana. Ukipenda hii programu, tutaifanya, nyumba ni yako. Lakini rudi utumike nayo weye mwenyewe. Utarudi lini?"

Nikamjibu, tutaona. Nimekuwa nikimjibu tutaona tangu 2007.

Sasa nikiri jambo asilolijua. Mwanzoni mwa programu ile ya majaribio kuna picha ya duka, Fabien aliiweka kama pambo, na mimi naifungua kila asubuhi kabla ya chai. Nyuma ya rundo la vitenge unaonekana mlango wa chumba tulichokuwa tukilala mimi na marehemu mke wangu. Umepakwa rangi mpya, lakini bado umeinama upande wa kushoto.

Je, duka la rejareja liwekeze kwenye programu ya simu, ndiyo au hapana?

Isidore

JIBU

Mzee Isidore,

Pole sana. Nimekupa pole kwanza ili baadaye usiseme sikukupa.

Hapana. Si kwa duka hili, si mwaka huu. Programu inamfaa mwenye duka ambaye wateja wake tayari wanamtumia ujumbe kila siku hadi anashindwa kuwajibu, na ambaye bidhaa zake hazina haja ya kushikwa, kama sabuni, chumvi au madaftari, pakiti hii sawa na ile. Mwanao anauza kitu kinachojaribiwa kwa mate. Ukimpa programu unampa fundi wa kumlipa kila inapoharibika, na wateja wa Lubondja wasio na mtandao hawataiona kamwe.

Kama anataka kuuza kwa simu, apige picha ya kitenge nje, juani, aitume kwa wakubwa wa kwaya, na baada ya picha atume kwa boti kipande cha upana wa kiganja, wakakisugue wapendavyo. Wakiridhika ndipo mzigo utoke. Afanye hivyo mwaka mzima. Maagizo yakimlemea, hapo Fabien aitwe.

Sasa wewe. Ulitaka kuiona nyumba yako, ukaliita jambo hilo biashara, na ukataka binti yako aligharamie kwa vitenge vya Pasaka. Mwalimu mzima! Mwombe picha. Atakutumia bure. Lakini picha si tatizo kubwa. Mwanamke huyu amekaa miaka kumi na sita katika duka lake mwenyewe kama mlinzi wa mali ya mtu, hathubutu kukuambia hapana, kwa sababu huenda kesho utashuka melini. Tutaona si jibu. Jibu unalo, na ulikuwa nalo kabla hujaniandikia. Mpigie wiki hii, umwambie kwa mdomo wako, usimtume mtu. Na fedha yake asiiguse fundi yeyote kabla hujamaliza kusema.

Suzanne

MZEE ISIDORE AMETUANDIKIA TENA

Nilimpigia Jumapili baada ya misa. Nilimwambia anunue vitenge, na kwamba nyumba ni yake kuanzia siku hiyo, na barua ya kuthibitisha naituma. Akauliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Akauliza tena lile swali lake, na safari hii nilimjibu.

Sitarudi Baraka.