Sekunde Kumi za Saksafoni ya Baba

Marcy, uko? Nimejifungia chooni kwa Baba hapa Burbank. Nimefanya unyama.

Leo anatimiza themanini, si unajua. Basi akatoa ile kaseti ya mwaka themanini na tano, aliyojirekodi akipiga saksafoni kwa ajili ya ile filamu ya mapenzi. Wimbo wake waliukata, haukutokea kwenye filamu. Kaseti ndiyo nakala pekee!

Tukasogea karibu kusikiliza, hadi wajukuu. Saksafoni ikalia sekunde kumi hivi. Halafu PAP! Mtangazaji wa redio na nyimbo za pop.

Ni mimi, Marcy. MIMI! Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba alishavunja vile vijino vya kaseti ili isirekodiwe tena, nami nikaziba matundu kwa selotepu, nikarekodi redio juu yake.

Baba akamgeukia kaka yangu: "Dwight, wewe na redio yako!"

Dwight akaitazama selotepu. Ya waridi, ina nyota, ile yangu ya utotoni. Akanitazama mimi.

Kisha akasema, "Nisamehe, Baba."

Baba akalia. Marcy, baba yangu amelia.

Na mimi? Nikauliza nani anataka keki.