Banda la Meli Isiyofika

Jumatatu, 27 Oktoba 1952. Masasi.

Nimerudi kazini. Wiki moja leo tangu msiba. Bwana wa Ujenzi alisema naweza kupumzika zaidi, nikamjibu sina cha kupumzikia.

Mabati mia nne na themanini. Nguzo za chuma ishirini na nne. Bolti magunia sita. Yote yametoka Nachingwea, ni banda moja tu kubwa la mradi wa karanga. Karanga zimeshindwa, banda limebaki, na Serikali inalihamishia juu Newala liwe ghala la mazao. Mimi ndiye mtunza stoo. Nilikuwa juu ya paa hilohilo nafungua nati waliponiita nishuke. Habari ilikuwa na siku mbili tayari. Nilipofika nyumbani Mama Julia, mke wangu, ameshazikwa.

Aliteleza akipanda na ndoo ya maji kutoka bondeni. Kichwa kikapiga jiwe. Ndivyo wanavyosema. Mimi sikuona kitu.

Lori la pili breki zake si nzuri. Tunalala hapa, kesho tunapanda mlima.

Jumatano, 29 Oktoba. Newala.

Tumefika jana jioni. Julia alikuwa kwa jirani, Mama Dastani. Shikamoo Baba. Marahaba. Wamemnyoa nywele, desturi ya kwao. Ana miaka tisa, lakini kwa kichwa kile kitupu anaonekana ana sita.

Mama Dastani alinieleza kwamba wanawake wanataka kuja kwangu kila jioni mpaka arobaini. Wakae na mtoto, wamwimbie, wamweleze mama yake alikuwaje. Nilikataa. Nimekataza marehemu asitajwe mbele ya mtoto. Kidonda usipokigusa kitapona. Akaniambia mimi ni mtu wa Chidya, mambo ya huku juu siyajui. Labda. Shuleni Chidya tulifundishwa kulia kimya, na jeshini hatukufundishwa kulia kabisa.

Nguzo mbili zimesimama. Muharami, mkubwa wa vibarua, ameniuliza kama hili ndilo banda kubwa kuliko yote niliyoyaona. Nikacheka. Nilishtuka kujisikia nikicheka. Nikamsimulia la Karachi, tulikolinda vipuri wakati wa vita. Jeusi, refu kuliko mnara wa kanisa la Masasi, na ndani yake ungeweza kuingiza kijiji na mbuzi wake. Waingereza walilijenga kwa ajili ya meli ya hewani, puto refu la gesi la kubeba abiria. Meli ikaungua njiani, haijafika hata nusu ya safari. Banda likangoja. Sisi tulipofika lilikuwa stoo ya ndege ndogo na magurudumu, na juu kabisa njiwa. Muharami akasema, basi mlikuwa mnalinda nyumba ya maiti. Kisha akakumbuka anaongea na nani, akaomba radhi. Nilimwambia aendelee na kazi.

Jumapili, 2 Novemba.

Siku ya Marehemu Wote. Padre alipotoa karatasi ya majina nilijifanya nimepaliwa, nikatoka. Nilikaa nje mpaka amalize kuyasoma.

Mchana akaja shemeji Nikolao kutoka Mnyambe, kaka mkubwa wa Mama Julia. Kwa miguu, na jogoo mkononi. Nilijua kilichomleta. Huku juu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Arobaini ikiisha, Julia aende naye. Hakusema kwa ubaya. Aliuliza tu: wewe ni mtu wa malori, leo Nachingwea kesho Lindi, maji nyumbani kwako atateka nani? Akajijibu mwenyewe. Atateka yeye. Njia ileile.

Sijui nilipata wapi ulimi. Nilimwambia Julia hatakanyaga njia ile maisha yake yote, nitaleta maji hapahapa Newala. Akanitazama kama mtu anayemtazama mlevi kwa huruma. Akasema:

"Shemeji, nikiyaona maji hapa kabla arobaini haijaisha, nikayanywa, mtoto atakaa kwako mpaka siku zake za unyago. Nisipoyaona, usinizuie."

Tukapeana mikono. Arobaini ni Ijumaa ya tarehe 28.

Alhamisi, 6 Novemba.

Nimekwenda kwa Bwana wa Ujenzi, na mchoro. Nilimweleza ya Karachi: Julai mvua ikinyesha, paa lile lilimwaga mto. Askari walioga, walifua, walijaza mapipa, na bado maji yalimwagika mchangani. Banda letu ni dogo, lakini mabati ni mabati. Tufunge mifereji pande zote mbili, tujenge tangi la saruji nyuma.

Aliutazama mchoro muda mrefu. Kwao Uingereza, alisema, mabanda ya namna ile yapo mawili mpaka leo, siku hizi wanajazia humo maputo. Hakuna aliyewahi kufikiria kuvuna mvua. Mvua kwao si kitu cha kuvunwa! Saruji ipo. Mfereji upo wa upande mmoja tu. Amekubali upande mmoja.

Nilirudi stoo nikakaa juu ya gunia la bolti. Nilidhani nitafurahi.

Jumanne, 11 Novemba.

Baba amekuja kutoka Chidya kunipa pole. Mzee Edmund, miguu imevimba, amepanda lori la mihogo. Nimempeleka akaone banda. Akagonga nguzo kwa fimbo yake, akasema sasa meli yao imeshapata nyumba.

Hadithi yake naijua tangu utoto. Vita vya Mjerumani, yeye mpagazi, huku huku juu ya nyanda. Wajerumani wakawaambia wafyeke pori, meli inakuja kwa njia ya mbinguni, imebeba dawa na risasi. Ikishatua haitarudi. Ngozi yake watashona nguo, mifupa yake watajengea. Baba alikuwa karibu uchi, kwa hiyo aliifyekea kwa moyo. Walingoja. Haikuja. Karachi nao walingoja, wakiwa na banda kabisa. Sijawahi kuona watu wanaongoja vitu vikubwa kama Wazungu.

Julia alikuwa amekaa miguuni pake akisikiliza. Basi Baba akasema, mama yako naye aliipenda hadithi hii, kila nilipofika kwenye uchi wangu alicheka mpaka akafuta macho. Julia aliinua uso. Sijauona uso ule tangu nirudi. Nikamwomba Baba aache. Akaacha. Mtoto akainama tena.

Baba alilala mapema, hakuniaga vizuri.

Jumamosi, 15 Novemba.

Mabati yote juu. Hakuna aliyeanguka.

Ijumaa, 21 Novemba.

Tangi limekauka vizuri. Mfereji umefungwa, umeinama inchi moja kwa kila futi kumi, nimepima mwenyewe mara tatu. Mvua hakuna. Mawingu yanatoka upande wa Ruvuma, yanatusalimia, yanakwenda zake.

Watu wanapita kutazama. Wapo wanaosema Koplo, ndivyo wanavyoniita tangu jeshini, amechanganyikiwa, anajenga kisima juu chini. Muharami anawajibu kwa niaba yangu, na matusi anaongeza mwenyewe.

Mama Dastani anasema Julia anakula vijiko viwili anaweka. Haulizi kitu. Hachezi. Akaniuliza tena kama wanawake waje, zimebaki siku chache. Nilisema tungoje mvua kwanza. Akaniuliza mvua na hilo vinahusianaje. Nikaenda kukaza bolti zilizokwisha kukazwa.

Jumatatu, 24 Novemba.

Hakuna.

Jumanne, 25 Novemba.

Hakuna. Joto. Julia ameniletea uji stoo, akasimama. Nilidhani anataka kusema neno. Nikamwonyesha jinsi mfereji ulivyofungwa. Akaitikia ndiyo Baba, ndiyo Baba, akaondoka na bakuli.

Jumatano, 26 Novemba.

Mvua!

Saa tisa mchana. Kwanza upepo, kisha mabati yakapigwa kwa kishindo hata Muharami akipiga kelele sikioni mwangu simsikii. Maji ya kwanza meusi, vumbi la Nachingwea na kinyesi cha popo. Nikayageuzia nje kama nilivyopanga. Nikahesabu robo saa. Nikayarudisha tangini.

Watu walitoka wote. Wanawake na ndoo, na sufuria, mmoja na beseni la kuogeshea mtoto. Muharami alivua shati akacheza, mtu mzima na ndevu zake. Mama Dastani alisimama kwenye bomba analia, anasema ndoo hii ningeishukia saa nzima na kuipandia mbili. Bwana wa Ujenzi alinishika mkono. Kila mtu ananiita jina langu. Koplo Cecil, Koplo Cecil.

Mimi nilipima kina cha tangi. Futi nne na inchi mbili.

Nilimtafuta Julia. Alikuwa barazani, mkavu, anatazama maji yanavyoingia. Nikamwambia: umeona? Hutashuka kule tena. Akasema nimeona, Baba.

Ijumaa, 28 Novemba.

Arobaini. Misa asubuhi, kisha ubwabwa kwa jogoo wa Nikolao. Watu wengi. Sikujua wangekuja wengi hivi.

Nilimchotea Nikolao maji mwenyewe mbele ya wote. Alinusa. Akanywa bakuli zima, akalipindua gotini kuonyesha limekwisha. Kisha akasema mbele ya ndugu zake, kwa sauti ya kusikika:

"Shemeji, maji nimeyaona. Neno langu silirudishi. Mtoto akae kwako."

Nimeshinda, basi. Nilingoja nisikie kitu kifuani. Watu wakanipa pole na hongera kwa mkono mmoja.

Ndipo Julia akatoka ndani na furushi lake la nguo kichwani. Kanga imefungwa barabara, kazi ya mtu aliyeianza tangu jana. Akaenda kusimama karibu na mjomba wake. Nilidhani hakuelewa. Nikamweleza polepole: mwanangu, huendi popote, mjomba amekubali, maji yapo, njia ile imekwisha. Akasema ameelewa. Akasema asante kwa maji. Nikamwuliza, sasa kwa nini? Alimtazama Nikolao kwanza, kisha mimi.

"Baba, kwa Mjomba wanamtaja mama."

Mama Dastani alitazama chini. Nikolao, Mungu ampe heri, hakumshika mtoto mkono. Alisema Julia asiondoke namna hii, baba yake bado hajasema neno lake, na sisi sote tutamngojea aseme.

Nikasema naingia kuchukua kofia. Kofia ninayo kichwani.

Nimekaa kitandani. Nimefungua daftari hili, nimelisoma toka mwanzo. Mabati yamo. Bolti zimo. Inchi za mfereji zimo, na meli za watu wengine zimo. Jina lake halimo hata mara moja. Siku arobaini.

Anastasia.

Mkono umeweza. Nimejaribu na mdomo, humu humu ndani, taratibu. Imetoka pumzi tu.

Anastasia. Alikuwa akicheka mpaka anafuta macho, Baba amesema kweli. Nililijua hilo, nami nikamnyima mtoto.

Kifua kinauma sasa. Kinauma vibaya. Kumbe kilikuwapo.

Mama Dastani ameniita mara ya pili. Nimejibu naja. Namwona Julia kupitia mlango, bado amesimama, furushi hajalitua, hajamfuata mjomba na hajarudi kwangu. Najaribu tena, kwa mdomo.