Daftari la Mlangoni

Mama Shiro,

Maktaba yetu imefungwa. Nimeona nikuambie mimi mwenyewe kabla hujasikia kwa mwingine huko uliko, maana watu wa Thika wanafariki kila wiki na midomo yao wanaenda nayo. Mlango una kufuli jipya ambalo ufunguo wake sina. Vitabu vimetiwa kwenye magunia ya sukari, vitabu vile vile ulivyonifundisha kushona mgongo kwa sindano na uzi wa viatu, na magunia yamerundikwa chini ya dirisha linalovuja. Mimi wamenipeleka ofisi za kaunti, ghorofa ya pili, kupanga mafaili.

Tulikuzika Murera siku ya mvua. Viatu vyangu vilibaki na tope jekundu wiki nzima kwa sababu sikutaka kuvisafisha. Kazini nilikuwa nalia nyuma ya rafu ya historia, halafu natoka nimejipaka poda, nikidhani hakuna anayejua. Baba Mwangi, yule msomaji wetu wa kila siku, aliniletea ndizi mbili akaziweka mezani, akarudi kwenye gazeti lake.

Sasa nikuambie kosa langu. Nimelizunguka miezi mingi, hata mchungaji sijamwambia.

Unakumbuka tulivyokuwa tukigombana juu ya daftari la mlangoni. Wewe ulitaka kila anayeingia aandike jina na saa, awe amekuja kusoma, kuchaji simu au kujikinga mvua. Hata yule kijana wa chuo aliyekuwa akikoroma juu ya meza, ulimwamsha aandike kwanza, kisha ukamwacha arudi kulala. "Wee mami, aliyeingia ameingia, andika!" Mimi na diploma yangu nilikuona wa zamani. Chuoni tulifundishwa kwamba maktaba hupimwa kwa vitabu vinavyotoka. Basi ulipofariki, hata mwezi haujaisha, nikaliondoa daftari lako mlangoni nikalitia kwenye droo. Foleni ya asubuhi ikaisha, kalamu zikaacha kupotea. Nikabaki na kitabu kimoja tu, cha walioazima, nimekipigia mistari kwa rula. Nilijiona nimeleta maendeleo. Mungu wangu, vile nilivyojiona!

Wakaja watu watatu kutoka ofisini. Walikuwa wanatafuta jengo la kufanya stoo, lakini hilo hawakuniambia. Ilikuwa siku ya kazi, asubuhi, na mabenchi yamejaa hadi wengine wamekaa sakafuni wameegemea ukuta. Nikafurahi kwamba wamekuta watu. Mmoja wao, mama mpole mwenye miwani, akaomba rekodi, nami nikampa kitabu changu nikitabasamu kama mtu aliyeshinda zawadi. Akafungua kurasa. Siku hii vitabu viwili, siku ile kimoja, siku nyingine hakuna. Akatazama mabenchi, akaniuliza kama hao wote wanaazima. Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikamjibu, "Hapana, hawa wanakaa tu."

Akaandika. Nilimwona akiandika.

Barua ilipokuja ilisema jengo halitumiki ipasavyo. Niliisoma nimesimama, halafu nikaketi kwenye kiti chako, ambacho tangu ufariki nilikuwa sijakikalia.

Wewe ulijua kila mmoja anakaa kwa nini. Wairimu, msichana wa Kimbo, alikuwa anakuja na mamake anayefua nguo za watu huku Thika. Kwao ni chumba kimoja, watu watano, na redio ya jirani haizimwi. Alikuwa anarudia mtihani wa kidato cha nne, na hesabu ilimtoa machozi kweli kweli, ukampa meza ya pembeni asionekane. Hakuwahi kuazima kitabu hata kimoja. Alikuja na vyake kwenye karatasi ya nailoni. Alichotaka kwetu ni meza na kimya.

Na Baba Mwangi. Ulinieleza habari zake kwa kunong'ona, tukiwa nyuma tunapaka gundi, ukaniapisha nisije hata siku moja nikamuuliza kazi inaendaje. Kiwandani walikuwa wamemwachisha kazi na hakumwambia mtu nyumbani. Kila asubuhi alipiga shati pasi, akabeba chakula alichofungiwa na mkewe, akafika kwetu saa mbili. Akasoma gazeti mpaka matangazo ya vifo. Saa saba tulikula naye githeri kule nyuma, saa kumi na moja akaenda nyumbani kama watu wengine wanaotoka kazini. Kwenye daftari lako aliandika "Baba Mwangi" tu, na Baba Mwangi wako wengi Thika hii.

Mama Shiro, mjini hapa huwezi kukaa mahali bila kununua kitu. Sikuwa nimelifikiria hilo mpaka kufuli lilipofungwa. Ukikaa hotelini, agiza chai. Ukikaa mbele ya duka, mwenye duka anakuuliza unataka nini. Hata kanisa letu siku hizi linafungwa katikati ya wiki kwa sababu ya wezi wa spika. Wiki iliyopita nilipita dispensari moja nikamwona Baba Mwangi kwenye benchi la wagonjwa, shati limepigwa pasi, chakula chake mapajani. Nilidhani ni mgonjwa. Kumbe anangoja foleni isiyo yake. Inapomkaribia anaondoka, anaenda kukaa nyuma tena. Mlinzi ameshaanza kumshtukia. Aliponiona aliinamisha kichwa, na mimi nikajifanya sikumwona, kisha nikaenda kusimama nyuma ya kibanda cha Mpesa nikalia kama mtoto.

Wairimu nilimfuata hadi Kimbo. Mamake alikuwa amejaribu kumpeleka Wendani, kwenye hoteli ambamo wanafunzi wa chuo kikuu hukaa na laptopu zao, lakini hakuna anayekuacha siku nzima na kikombe kimoja. Nilimkuta anaosha vyombo kwenye kibanda cha chapati. Nilianza maneno mengi, kwamba kutakuwa na mkutano, kwamba huenda tukafunguliwa. Alinisikiliza vizuri, kwa adabu, akifuta mikono. "Madam, mtihani ulishapita," akasema. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Mkutano wenyewe ni Jumatatu. Wakazi wameitwa watoe maoni kabla jengo halijakabidhiwa. Nimepeleka ofisini madaftari yako ya zamani, yote, na mwandiko wa kila mtu humo ndani. Wakasema hayo ni ya wakati wako, wao wanataka ya tangu ufariki. Nami zaidi ya zile wiki chache za kwanza sina hata ukurasa.

Nikafanya jambo ambalo utanichapa ukilijua, kwa hivyo nakuambia. Nilinunua daftari jipya na kalamu tano za rangi mbalimbali. Jumapili iliyopita baada ya ibada nikajifungia nyumbani nikaanza kuwaandika. Wairimu, saa mbili na dakika kumi. Baba Mwangi, saa mbili kamili. Nikabadilisha kalamu, nikabadilisha mwandiko, nikaegemeza herufi upande huu na ule. Nilijiambia si uongo, maana walikuja kweli, na saa zao nazijua kuliko za kwangu. Nilifika ukurasa wa sita. Halafu mkono ukakataa. Waliandika wenyewe enzi zako, kila mtu kwa mkono wake, na hapo nilikuwa mimi peke yangu nikijifanya watu sitini. Nikazichana kurasa nikawashia jiko.

Nikabaki na njia moja, kumwomba Baba Mwangi aje aseme mwenyewe. Wengine niliowatafuta, nusu wamehama nyumba za kukodi, na waliobaki wananiambia watakuja kwa sauti ya mtu asiyekuja. Yeye alikuwa hapo kila siku, miaka miwili. Sauti yake ingetosha. Nilimngojea nje ya dispensari, nikamweleza. Akaniambia kwamba mkewe ataenda kwenye mkutano huo, yeye na kikundi chake chote cha kanisani, hawataki hiyo stoo iletwe karibu na shule. "Nikisimama pale niseme nilikuwa maktaba kila siku, madam, nitakuwa nimesema nini kwa bibi yangu?"

Wewe ungekuwa na la kumwambia, au ungemfungulia tu kopo la githeri mle pamoja. Nilimwambia basi, nimeelewa, asije, na jina lake sitalitaja. Akanishukuru, akarudi kukaa.

Kwa hivyo Jumatatu nitaenda peke yangu. Nitasimama mbele ya yule mama mwenye miwani na wakubwa wake, niseme kwamba jengo lilijaa kila siku, na kwamba mimi ndiye niliyeacha kuwaandika. Nitasema nilichomjibu siku ile na kwa nini kilikuwa upuuzi. Huenda wakanifuta kazi, hata hayo mafaili wanipokonye. Wataniuliza walikuwa ni akina nani, na macho ya mke wa Baba Mwangi yatakuwa yananitazama pamoja na ya wengine. Sitamtaja. Hata kama jina hilo moja lingefungua mlango, sitalisema, na hilo nakuahidi wewe kama nilivyomwahidi yeye.

Pumzika, Mama Shiro. Usinisamehe bado. Ngoja Jumatatu ipite.

Wako,
Waithera