Moshi Kwenye Shimo la Biskuti

Columbia Heights, Minnesota

Kaka yangu Mbwana,

Shikamoo. Naanza na goti lako, maana mara ya mwisho ulisema linakugomea kwenye mteremko wa kisimani. Mama je, kikohozi kimemwachia? Na vuli imewakumbuka Handeni, au imewaruka tena mwaka huu? Mimi mwili ni mzima. Barua hii anakuja nayo mwalimu mmoja wa Korogwe anayerudi likizo. Ningepiga simu, lakini kwenye simu ungeniambia nikaze moyo, nami sitaki kukaza chochote. Nataka unisikilize mpaka mwisho.

Unajua tangu niachane na mama yake Zuhura, mtoto anakaa na mama yake kule Oakdale, na kwangu anakuja Jumamosi tu. Ana miaka kumi na minne sasa. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, tena neno mojamoja, macho kwenye simu. Jumamosi nyingi tulikaa kwenye kochi kama watu wanaosubiri daktari. Nikaona huyu mtoto nitampoteza hivi hivi namtazama. Nikatafuta kitu cha kufanya naye, na wewe unajua mimi bila maneno mengi najua kitu kimoja tu, kuwinda.

Jirani yangu ni mzee wa Kiingereza, Walter, ambaye ujanani kwao aliwinda sungura kwa mbwa na feret. Feret ni mnyama mwembamba, jamaa yake kicheche, ila huyu hufugwa, hata kwenye mkono wa koti analala. Unamwingiza shimoni, sungura anatoka mbio tundu la pili, anaingia kwenye wavu. Mzee akatupa feret mmoja mchanga. Zuhura akamwita Biskuti, akawa anaondoka naye kwenda Oakdale ndani ya kizimba chake na kurudi naye Jumamosi. Mimi nikachukua mbwa wa kunusa aliyetelekezwa na wenyewe, nikampa jina la mbwa wa kwetu, Yatakwisha. Nikakata leseni. Mama mmoja rafiki yake Walter, mwenye shamba kaskazini mwa mji, akaturuhusu kwa sharti tumwondolee na mbweha aliyekuwa anammalizia kuku. Huyo mbweha, kaka, anatucheka mpaka leo. Yatakwisha alimkimbiza mara mbili, na mara zote mbili aliyerudi anahema, ulimi nje, ni mbwa.

Tabu ilikuwa udongo. Mbwa akilamba sahani si lazima tuoshe mara saba, moja kwa udongo? Na udongo wa huku wakati wa baridi unageuka jiwe. Nikaenda dukani kununua mfuko mzima wa udongo wa maua. Zuhura alicheka mpaka akakaa chini. "Baba, kwa hiyo tunanunua dirt?" Tunanunua, nikamwambia. Akawa yeye ndiye wa kuhesabu maji, moja, mbili, tatu, mpaka saba, kwa Kiswahili.

Sungura wetu wa kwanza alinasa kwenye wavu akiwa hai, nikasoma Bismillahi nikamchinja, nikampika kwa nazi ya kopo. Zuhura akala vipande viwili. "Not bad," akasema, halafu akaniuliza wewe ulikuwa na mbwa wangapi. Siku ile nililala na furaha ya kipumbavu, nikidhani nimeshampata.

Kuna jambo mzee Walter alilirudia kuliko yote. Feret akiua sungura ndani, atakula na kulala palepale, nawe usimharakishe. Kaa ungoje, hata mpaka jua lizame. Ukishindwa kungoja, chimba. Lakini mimi na mama yake Zuhura tulipatana awe nyumbani saa kumi jioni. Nilishachelewa mara mbili, na alinionya kwamba ya tatu ndiyo mwisho wa Jumamosi zangu.

Jumamosi moja Biskuti aliingia shimoni saa sita. Saa saba kimya. Saa nane kimya. Kutoka pale hadi Oakdale ni mwendo wa saa nzima. Nikapiga jembe mara tatu, likaruka, ardhi imeganda. Ndipo nikakumbuka ndezi, wale panya wakubwa wa kwetu. Si tulikuwa tunaziba mashimo yote tunabakiza moja, tunafukiza majani, na dakika haipiti, huyo anachomoka? Tangu utoto sijaona mnyama anayekaa na moshi.

"Baba, don't," Zuhura akasema. "Mzee alisema tungoje."

"Anatoka sasa hivi. We kaa pale umdake."

Akaniamini, kaka. Akapiga magoti kwenye theluji mbele ya tundu nililobakiza, mikono wazi. Moshi ukatoka. Biskuti hakutoka.

Nilichimba kwa jembe, kisha kwa vidole. Nyuma yake lilikuwa pango lisilo na njia, mbele yake mzoga wa sungura aliyemuua yeye mwenyewe umemzibia. Biskuti alikuwa bado ana joto. Ningechimba mwanzo kama nilivyochimba mwisho, angekuwa hai. Ardhi ilikuwa ileile.

Garini hakulia. Nilimfikisha kwa mama yake saa kumi kamili.

Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile ya baada yake. Nikampigia mama yake, nikiwa tayari kugombana. Akaniambia, "Mimi sijamkataza, Athumani. Hata nimembembeleza. Hataki." Akampa simu. Zuhura akasema, "I'm not mad, Baba. Sitaki tu kuja." Kwa upole kabisa, kama unavyomjibu mtu anayekuuzia kitu usichokihitaji. Angekasirika, ningengoja, hasira za watoto ni moto wa mabua. Hii sijui niingojee nini. Mzee Walter alimtolea feret mwingine, akakataa kwa adabu ileile. Maji yakimwagika hayazoleki, na aliyeyamwaga ni mimi, tena kwa kuogopa kuchelewa.

Usidhani nakulaumu kwa kunifundisha moshi. Ndezi wetu walitoka.

Mama usimsomee haya, msomee ya mwanzo tu. Msalimie shemeji, umwambie nguo alizonishonea bado nazivaa ndani ya nyumba. Msalimie mjomba fundi baiskeli, na shangazi anayetulindia shamba la babu. Barua zote nilizowahi kukuandikia zilikuwa na salamu za Zuhura mwishoni. Za safari hii angalia bahasha yote, hazimo.

Ni mimi mdogo wako,
Athumani